Rimu za Inchi 22 Kwenye Prado? Staa Hapo Kachemka

Staa mmoja wa Bongo Fleva katupia picha za Prado yake ikiwa na rimu za inchi 22, na mashabiki wanamwaga makopakopa. Ndinga inang'aa, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba gari hilohilo ndilo linalobeba madansa wake kwenda shoo za mikoani, na huko lami haiko kila mahali.

Prado 150 ilitoka kiwandani na tairi za 265/65R17 au 265/60R18. Kwenye ile ya 17, ukuta wa tairi, yaani ule mpira wa ubavuni unaomeza mashimo, una kama milimita 172. Ukifunga 265/40R22, kimo cha tairi kinabaki karibu kilekile ila ukuta unashuka hadi 106. Shimo moja tu la usiku, mpira unabanwa kati ya jiwe na rimu, pwaa! Na kwenye mchanga hupunguzi upepo kwa raha, maana mpira wenyewe wa kutanuka uko wapi?

Bora yule mchekeshaji anayetaniwa kila siku kwa "rimu za mzee". Kabaki na 17 zake. Ingawa naye kazidisha kidogo: kafunga 285/70R17, ndefu kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo dashibodi ikisoma 80 gari linakimbia 85 na ushee, na akikata kona kali tairi inaweza kukwaruza madigadi.

Lakini waulizwe madansa, usiku wa safari wangepanda gari la nani.