Magadi, Siki na Haipo: Istilahi za Kupimia Dawa za Picha

Katika makongamano yetu kuhusu Kiswahili na sayansi, mjadala aghalabu hufuata njia ileile. Mmoja husimama akadai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Mwingine humjibu kwa kuitaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, kisha akaorodhesha asidi, besi, alkali na maneno mengine yaliyokwisha kusanifishwa. Tunapiga makofi na kwenda kunywa chai. Pande zote mbili hukubaliana juu ya jambo moja ambalo mimi silikubali, nalo ni kwamba tatizo letu ni nomino. Kwa maoni yangu, nomino tunazo. Tulichopungukiwa ni sentensi: hatujakaa chini tukaeleza kwa Kiswahili jinsi kazi moja ya kisayansi inavyofanywa, tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi cha kumwezesha msomaji kuifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Nimechagua kazi ndogo ili hoja isipotee, yaani kupima uasidi na ualkali wa dawa za kusafishia picha za filamu. Wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi ametumwa na nani katika chumba cha giza. Jibu langu ni kwamba sisi ndio tunaozitumia picha hizo. Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, studio ya Parekh mjini Mombasa na ile ya Bakor kisiwani Lamu zimetuachia sura, mavazi na mapambo ya watu wa pwani ambayo watafiti wa utamaduni huyarejelea kila uchao. Kila moja ya picha hizo ilipitia katika beseni za dawa, na kudumu au kufifia kwake kulitegemea sana hali ya dawa hizo na uoshaji uliofuata.

Neno tulilo nalo ni kusafisha. Ni neno la watu, na sipendekezi lifukuzwe. Hata hivyo, linaficha hatua ambazo hazifanani kabisa. Kwanza, karatasi huzamishwa katika dawa ya alkali inayoibua sura iliyojificha. Pili, huingizwa katika maji yenye asidi ya siki ili uibuaji ukome papo hapo. Tatu, hutiwa katika thiosalfeti ya sodiamu, ambayo huyeyusha chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga ili picha isije ikawa nyeusi tii itakapotolewa nje. Baada ya hapo ndipo inapooshwa kwa maji mengi, na hapo tu ndipo neno kusafisha linapostahili. Kwa hatua tatu za mwanzo ningependekeza vitenzi kuibua, kukomesha na kudumisha. Dawa ya tatu mafundi huiita haipo, kutokana na jina lake fupi la Kiingereza. Mswahili asiyeijua asili hiyo atadhani ni kitenzi, wala hatakuwa amepotoka sana, kwani kazi ya haipo ni kuhakikisha kwamba fedha isiyohitajika haipo.

Kila hatua ina kipimo chake. Kipimo chenyewe, pH, kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, iliyoanzishwa na wenye kiwanda cha bia cha jina hilo. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Dawa ya kuibulia picha za karatasi nyeusi na nyeupe huwa karibu 10 au zaidi kidogo. Maji ya kukomesha, yakiwa mapya, huwa karibu 3. Haipo ya asidi huwa baina ya 4 na 5, na ikishuka chini mno thiosalfeti huvunjika, salfa ikajitenga, na dawa yote ikageuka nyeupe kama tui. Ugumu uko katika hesabu, kwa maana kila namba moja ni mara kumi. Dawa yenye pH 10 haiizidi ile yenye pH 9 kwa moja, bali ina ualkali mara kumi yake. Tofauti ya 0.1, ambayo hakuna ulimi unaoweza kuitambua, ni karibu robo nzima. Katika filamu za rangi za mfumo wa C-41, ulioanza mwaka 1972, tofauti ndogo ya namna hiyo katika dawa ya kuibulia yaweza kupotosha rangi.

Sasa tujiulize Mswahili husemaje haya. Husema dawa ni kali. Siki ni kali, magadi ni makali, na jua la Garissa nalo ni kali. Neno moja limebebeshwa asidi na alkali kwa pamoja. Tindikali tunalo, lakini habari za watu kumwagiwa tindikali zimelitia doa kiasi kwamba si rahisi kulitumia kwa maji ya siki. Waandishi wetu husahau kwamba lugha ina maneno mepesi zaidi upande wa asidi: uchachu, ugwadu, ukakasi. Upande wa alkali kuna utelezi. Mzee mmoja aliyesafisha picha kwa miaka mingi mjini Nakuru alinieleza kwamba dawa nzuri ya kuibulia huteleza vidoleni kama maji ya sabuni, na kwamba ukiona karatasi bado inateleza baada ya kutoka katika siki, basi siki imechoka. Alichokieleza ni kemia sahihi, maana alkali hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni. Tatizo ni kwamba mwenye vidole hivyo hakuacha maandishi, na baadhi ya dawa hizo, hasa zenye metoli, huwaunguza watu ngozi. Kipimo kinachosomwa kwa macho kingemwepusha fundi na madhara hayo.

Nitoe tahadhari moja kwa wapenzi wa etimolojia. Kali iliyomo katika alkali si hii kali yetu. Yetu ni ya Kibantu. Ile imetoka katika neno la Kiarabu la majivu ya mimea ya chumvi. Hata hivyo, majivu hayo si mageni kwetu. Akina mama wa Kiluhya wamechuja maji ya majivu kwa vizazi vingi, wakayaita musherekha na kuyatumia kulainishia mboga. Hiyo ni alkali iliyotengenezwa kwa mkono, jikoni.

Na kuna magadi yenyewe. Ziwa Magadi liko Kajiado, na samaki wake wadogo wa jamii ya tilapia huishi katika maji yenye pH karibu 10, kiasi kilekile cha dawa ya kuibulia picha. Magadi yanayochimbwa pale yakichomwa hutoa sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo alkali iliyotumika kwa miaka mingi katika dawa za picha, kwa sababu haidrokwinoni haifanyi kazi barabara pasipo ualkali mkubwa. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology nchini Marekani walionyesha kwamba kahawa ya kuyeyusha, ikitiwa alkali, huweza kuibua picha. Kahawa na magadi! Yaani vitu vyote viwili tunavyo, na maelezo tunayasoma kwa Kiingereza. Lakini hapa ndipo kipimo kinapohitajika, kwa sababu magadi ya kupikia maharagwe yana bikaboneti na uchafu mwingine, na ualkali wake hauwezi kulingana na ule wa kaboneti safi. Atakayekisia ataharibu filamu.

Nimejaribu kuandika maelezo ya upimaji. Karatasi za pH zinazobadilika rangi ni rahisi, ila chini ya taa nyekundu ya chumba cha giza rangi hazisomeki, kwa hiyo zisomwe nje. Baadhi ya watengenezaji hutia katika maji ya kukomesha rangi iitwayo bromokresoli zambarau. Maji yakiwa mazima huwa ya manjano, na pH ikipita 5 na kuelekea 7 hugeuka zambarau. Chini ya taa nyekundu manjano huonekana kama maji matupu na zambarau huonekana nyeusi, hivyo fundi hujua siki imekwisha bila kuwasha taa nyingine. Anayetaka uhakika zaidi atatumia kipimaji cha elektrodi ya kioo. Ahakiki kipimaji kwa vimiminika ambavyo pH yake inajulikana, yaani 7 kwanza, kisha 10 kwa dawa ya kuibulia au 4 kwa haipo. Asuuze ncha kwa maji yaliyokenekwa kila anapohama beseni. Apime dawa zote zikiwa katika jotoridi moja, kwa kuwa pH hubadilika pamoja na joto.

Katika aya hiyo sikulazimika kubuni nomino hata moja. Kitenzi kilichonisumbua kwa muda ni kile cha kulinganisha chombo na kiwango kinachojulikana, hadi nilipokumbuka kwamba Wakala wa Vipimo wa Tanzania huhakiki mizani ya madukani. Sisi wa fasihi tumeuhodhi uhakiki tukadhani ni wa riwaya na mashairi peke yake.

Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba filamu imekufa, na kwamba kemia waachiwe wanakemia. Filamu haijafa, vijana wa Nairobi wameanza tena kuitumia. Na wanakemia wetu wamefunzwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, hivyo si haki kuwasubiri wao watuandikie. Chama chetu kinaweza kutenga kurasa chache za kila toleo kwa maelezo ya kazi moja, yakiandikwa na mwanafunzi aliyekaa na fundi na kusomwa na mwanakemia kabla ya kuchapishwa. Idara nazo zikubali maelezo ya namna hii kuwa utafiti wa kiisimu. Mafundi waliozijua beseni hizi wamezeeka, na waliobaki si wengi.

Limebaki suala la pH. Wanahistoria wa kemia bado wanabishana Sørensen alikusudia p isimamie neno gani. Ikiwa wao hawajapatana, sioni sababu ya sisi kuitafutia tafsiri. Tuiandike pH, tuisome pi-echi, na tuiweke katika ngeli ya I-ZI: pH imepanda, pH za dawa hizi zimeshuka.