Ukialika shule ya jirani, hesabu watoto

Msimu wa ujirani mwema ukifika Tabora, mji unachangamka. Basi linaingia na wanafunzi wanaimba madirishani, wenyeji wameshapamba ukumbi, MC yupo, spika zimejaribiwa tangu asubuhi. Jioni picha zinajaa kwenye simu: sare mbili tofauti, mikono mabegani, keki. Raha tupu. Ila mbona haulizwi nani alikuwa anahesabu watoto?

Karatu haijasahaulika. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa Lucky Vincent ya Arusha walikuwa njiani kwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa shule nyingine. Gari moja likatumbukia korongoni eneo la Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu tu waliotolewa humo ndio waliopona. Walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarudi Agosti mwaka huohuo. Hiyo ilikuwa safari ya mtihani bana, wala si pikiniki.

Tangu hapo, ikitajwa ajali ya wanafunzi lawama zinamwendea dereva na mwenye gari. Sawa, wabebe zao. Lakini anayepanga saa ni mwenyeji. Mkuu wa shule akiandika kwenye barua kwamba shughuli inaanza saa mbili kamili asubuhi, shule ya Igunga lazima iondoke giza halijatoka. Akiruhusu disko mpaka saa nne usiku, dereva aliyeamka alfajiri ndiye anayerudisha watoto. Ni kweli mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, lakini ruhusa ya biashara haijawahi kuwa ratiba ya watoto.

Na Tabora ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kuyaelewa haya. Huu ni mji uliokua kwa kupokea wasafiri. Mwaka 1871 Stanley alitumia karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Msafara ulikuwa na kirangozi mbele na wanyampara wa kuwasukuma wanaobaki nyuma. Misafara hiyohiyo ilipitisha watumwa pia, kwa hiyo hakuna cha kuitamani. Lakini inauma kuona pembe za ndovu zilikuwa na mtu wa kuzihesabu, halafu leo watoto 60 wanashuka kwenye basi bila hata karatasi ya majina.

Wakilala ndiyo balaa zaidi. Mwaka 1994 moto wa bweni la Shauritanga, Rombo, uliua wasichana takriban 40, na wale walikuwa kwao. Mgeni aliyefika jana, amebanwa wawili kitanda kimoja, dirisha lina nondo, atajua wapi mlango wa pili? Nani amemwonyesha?

Halafu kuna hili ambalo walimu wanalisema pembeni tu: kaka wa mjini wenye magari yao wanaojua tarehe ya disko kuliko wazazi. Binti wa kidato cha tatu anaitwa nje ya geti. Mwalimu wake anadhani yuko na wenyeji, wenyeji wanadhani yuko na mwalimu wake. Saa mbili zinapita. Kwa nini getini anasimama mlinzi mmoja, wakati kwenye meza kuu wamekaa walimu kumi?

Wapo wanaotaka ziara hizi zifutwe kabisa. Hapana. Mtoto wa shule ya kata isiyo na maabara akiona wenzake wanavyofanya majaribio ya kemia, anarudi na kitu ambacho darasani kwake hakipo. Nyerere mwenyewe alitoka Butiama akaja kusoma Tabora, akakutana na vijana wa kila upande. Kumfungia mtoto getini si kumlinda.

Kinachotakiwa hakina gharama ya kutisha. Orodha ya majina yenye simu za wazazi na ugonjwa wa kila mtoto, nakala mbili, moja kwa mwenyeji. Matroni wa wageni alale bweni moja na wasichana wake. Gari la kukimbiza mgonjwa Kitete liwe na mafuta na dereva anayejulikana. Na MC huyohuyo anayeita watu kwenye keki asimamishe muziki saa kumi na mbili jioni, asome majina yote mmoja mmoja. Dakika kumi hazizidi. DJ atanuna kidogo, basi.