Desemba Hii, Tupike Mazimwi

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, shule zinafungwa, mabasi yameanza kushusha wajukuu kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na muda si mrefu kila nyumba itakuwa na watoto wengi kuliko sahani. Watakula pilau, watakunywa soda, watacheza mpaka magoti yachubuke. Jua likishazama ziwani kila mmoja atatafuta simu ya mama yake na kujikunja nayo kwenye kona. Ninaomba usiku mmoja tu, wowote kati ya Krismasi na Mwaka Mpya: kila mtaa ukusanye watoto wake, uchemshe mayai, uyageuze kuwa mazimwi, na mabibi na mababu wawasimulie watoto hadithi za kutisha.

Najua swali litakalokuja kwanza, hasa kutoka kwa wachungaji na masheikh wetu: je, hii siyo ile Halloween ya kwenye simu? Siyo. Halloween ni tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Chimbuko lake ni Ireland na Scotland, na wahamiaji kutoka huko waliivusha bahari ikakolea Marekani. Watoto wetu wameyaona maboga yenye meno na mayai yaliyotengenezwa kama macho ya maiti, na wanacheka. Sikukuu hiyo ina wenyewe, sioni haja ya kuiazima. Mazimwi tunayo ya kutosha.

Tunaye Nunda, paka wa sultani aliyeachwa ale mifugo akaishia kula watu. Kisa chake kilikusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, na bado hujaona mtoto akikisikiliza huku amekunjua miguu. Tunaye Lukwata, dubwana la ziwa hili hili letu, ambalo wavuvi wa upande wa Uganda wamelisimulia vizazi na vizazi. Kuna fisi anayetembea usiku na kazi zake. Hata Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama na mwanafunzi wa Shule ya Mwisenge, alipoamua kumfasiri Shakespeare alianza na Julius Caesar, tafsiri iliyotoka mwaka 1963, na humo roho ya Kaizari inamtokea Brutus hemani usiku. Mwenye wasiwasi kwamba hadithi ya kutisha inaharibu mtu na alifikirie hilo.

Na kwa nini mayai? Kwa sababu kila mtu anayajua na karibu kila nyumba inaweza kuchangia. Vijana wa stendi wamekuwa wakituuzia yai la kuchemsha miaka yote: analimenya, analipasua katikati, anashindilia kachumbari, ananyunyiza chumvi na pilipili, unakula basi likiwa linaondoka. Yai la sherehe ni hilo hilo, ila limeoga.

Tuanze na yai la buibui, maana ndilo rahisi na ndilo linalowashangaza watoto kuliko yote. Chemsha mayai dakika kama kumi. Yatoe, uyapoze kwenye maji, halafu ugonge kila ganda kwa mgongo wa kijiko mpaka lipasuke kila upande bila kubanduka. Kazi hii wape watoto, wataifanya kwa furaha. Yarudishe kwenye sufuria yenye maji, majani ya chai mengi na chumvi, moto uwe mdogo, yakae nusu saa, kisha uepue uyaache humo humo saa moja au mbili zaidi. Rangi ya chai hupenya kwenye nyufa. Ukimenya, unakuta utando wa buibui umechorwa wenyewe juu ya yai, na hakuna mayai mawili yanayofanana. Wachina wanayauza mayai haya mitaani kila siku na wala hawamtishi mtu.

Nunda anahitaji parachichi. Pasua yai la kuchemsha kwa urefu, toa kiini, kiponde pamoja na parachichi lililoiva, chumvi, na ndimu ili rangi isigeuke nyeusi. Rudisha mchanganyiko kwenye ute ukiwa umejaa kama kichuguu. Masikio mchongee kwa pilipili hoho, na macho muwekee choroko mbili za kuchemsha. Kwa watu wazima ongeza pilipili mbuzi kidogo, lakini sahani hiyo ikae mbali, kwa sababu mtoto hasomi alama.

Lukwata ndiye wetu hasa. Menya yai zima, lilaze kwenye maji ya bitiruti mpaka liwe zambarau, lipasue upande mmoja kama mdomo uliofunguka, kisha uchomeke dagaa waliokaangwa wakakauka, wamejipanga kama meno. Tuna ziwa lenye dagaa mlangoni, nasi tunatafuta urembo wa sherehe dukani! Dagaa wachomekwe dakika ya mwisho, wakikaa kwenye unyevu wanalegea, na zimwi lenye meno malegevu linachekesha tu. Mwenye karoti na amtengenezee mapezi.

Angalizo fupi kwa wapishi. Punje za pilipili manga na vijiti vya meno visiwepo kabisa kwenye mayai ya watoto wadogo, zinakaba na vinachoma. Macho yasichorwe kwa kalamu ya wino. Mayai yaliyomenywa yasikae nje zaidi ya saa mbili, basi chemsheni mchana, pambeni jioni, kuleni usiku huo huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwenye picha za ng'ambo, mayai yanayopendwa zaidi kwa sherehe hizi ni mawili. La kwanza ni jicho lenye mishipa myekundu. La pili ni bibi kizee mchawi, pua ndefu, kofia nyeusi. Huko ni mzaha, wala siwalaumu. Hapa Kanda ya Ziwa, ndugu zangu, bibi mwenye macho mekundu amechinjwa kwa panga. Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, miaka nenda rudi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi wa kwanza uliotajwa ulikuwa rangi ya macho yao. Sababu ya macho hayo kila mpishi anaijua. Ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini, akapika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pale kuni zilipokwisha, akabanika samaki kwenye tanuri la mwaloni, atakuwa na macho mekundu. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, au ng'ombe, au mpiga ramli aliyelipwa. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Ramli ya jikoni, ile ya kunong'onezana mtoto anasikia, hakuna polisi atakayeikamata.

Kwa hiyo naomba sana: usiku wetu uwe na mazimwi bila mchawi hata mmoja. Asiwepo bibi wa kutisha mwenye macho mekundu, si kwenye sahani wala kwenye hadithi. Zimwi halina jirani. Mtoto akimwogopa Nunda, kesho hatakutana naye kisimani. Akifundishwa kumwogopa kizee mwenye macho mekundu, anakutana naye kesho asubuhi akiwa amebeba kuni, na hofu ile ina pa kukaa.

Ombi la pili linafanana na hilo. Yai la kuchemsha ni jeupe, na mtu mvivu atatia macho mawili aseme amemaliza, huyo ni mzimu. Msifanye hivyo hapa. Katika kanda hii watu wenye ualbino wameitwa mizimu, wakawindwa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na watoto walikuwa miongoni mwao. Mtoto mwenye ualbino atakuwepo kwenye mkeka ule ule akila yai lile lile. Ndiyo maana hakuna yai hata moja nililolitaja hapo juu lililobaki jeupe. Chai, parachichi na bitiruti vitatufanyia kazi hiyo, na sahani itapendeza zaidi.

Badala ya kuwa kitisho, bibi ndiye mgeni wa heshima. Aketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, aseme hadithi hadithi, watoto wajibu, aendelee kwa lugha anayoitaka. Akisimulia Kijita, au Kizanaki, au Kikurya, mjukuu aliyekulia Kinondoni atapata mkalimani palepale, na ni vizuri ahangaike kidogo.

Na sahani ya kwanza apewe yeye. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai, na miiko ya namna hiyo ilisambaa kwa majirani wengi. Hapa Tanzania bado wapo wanaomwambia mjamzito kwamba akila mayai mtoto atazaliwa na kipara. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na anayeihitaji kuliko wote kwenye mkeka ule ni yule mama mwenye tumbo. Afuate yeye baada ya bibi, kisha watoto wa kike na wa kiume kwa pamoja. Wanaume tutakula yaliyobaki na hatutakufa.

Nani afanye nini? Wenyeviti wa mitaa wanajua uwanja upi una taa na nani ana turubai. Vikundi vya VICOBA vina masufuria makubwa. Makanisa na misikiti yana mikeka na viti, na ningefurahi sana kuona Waadventista, Wakatoliki, Wamennonite na Waislamu wa mtaa mmoja wakiponda parachichi kwenye beseni moja. Mwenye jiko la gesi alilete. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mayai ya mtaa mzima yakichemka bila moshi watu wataona kwa macho yao kinachozungumzwa. Wauza mayai wa stendi waalikwe kama mafundi, walipwe. Hakuna anayemenya yai haraka kama wao. Vijana wawili wateuliwe kumfuata kila mzee nyumbani na kumrudisha na tochi. Saa tatu na nusu usiku shughuli iwe imekwisha, maana kuna watakaoota.

Kila kaya ichangie inachoweza, hata mayai mawili. Anayeweza trei alete trei, lenye mayai 30 linatosha sahani tatu nzuri. Mayai ya kienyeji yana kiini cha manjano iliyokolea na Nunda wake anapendeza, ila ya kisasa yanafaa vilevile. Nunueni wiki moja kabla. Yai lililokaa siku kadhaa humenyeka vizuri kuliko lililotagwa jana, na ikifika tarehe 23 kila anayeoka keki mjini atakuwa anayatafuta hayo hayo.