Jina ni deni



Hapa Nguba wamoja kati yetu tunapenda kuita mbwa Laika. Ni jina ya Kirusi, maana yake "mwenye kubweka". Ni fupi, na kuiita ni mwepesi, njo maana inapendeza.

Lakini tukumbuke Laika mwenyewe. Alikuwa mbwa wa barabarani Moscow. Tarehe 3 Novemba 1957 walimurusha juu ndani ya Sputnik 2, bila njia ya kumurudisha. Alikufa kisha masaa machache, joto ilimuzidi. Ukweli huo ulijulikana mwaka 2002 tu.

Basi, kumupa mbwa jina ile, kisha kumutupia majiwe na kumunyima chakula, ni haya. Mezali 12:10 inatufundisha kama mutu wa haki anatunza nyama wake pia. Yeye anabweka usiku juu yetu; sisi tumulishe.