Kipya kinyemi, lakini mteja alifuata cha zamani

KWA mfanyabiashara yeyote, mdogo au mkubwa, hufika siku ambayo kitu kilichomlisha kwa miaka mingi huanza kuonekana kimechakaa. Rangi imebabuka, mashine inapiga kelele, na jirani amefungua kipya chenye taa za kumetameta. Hapo swali huwa moja: akikarabati, akibomoe, au akiache kama kilivyo?

Swali hilo linawagawa wamiliki na wateja wa viwanja vikubwa vya burudani vya Marekani na Ulaya. Ubishi wao ni juu ya michezo ya zamani ya gizani. Mteja hulipa kiingilio, hupanda behewa dogo au mashua, na kuingizwa ndani ya jengo lenye giza. Humo hupitishwa mbele ya sanamu zinazojongea kwa mashine, taa na sauti, vyote vikisimulia habari za mizimu, maharamia au ngano za watoto. Baada ya dakika chache hutokea upande wa pili, ama akicheka ama akitetemeka.

Inafaa kukumbuka kuwa michezo hii ilienea kwa sababu ya uhaba wa mtaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Leon Cassidy, mmoja wa wenye kiwanja kidogo huko New Jersey, Marekani, alitamani mchezo wa mashua za gizani uliokuwa ukivuta watu kwingineko. Gharama ya kujenga mfereji wa maji ilimshinda. Akaweka vigari vya umeme juu ya reli moja yenye kona nyingi ndani ya jengo la giza, kisha akaanza kuwauzia wenzake mtambo huo. Kilichouzwa hakikuwa mashine tu, bali giza na kutojua kilichoko kwenye kona inayofuata.

Wanaotaka michezo hiyo iwe ya kisasa wana hoja. Mashine za zamani huharibika mara kwa mara na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Watoto wa leo wamezoea michezo ya kompyuta, na sanamu inayotikisa mkono mmoja haiwashtui. Isitoshe, kiwanja cha burudani ni biashara, si makumbusho. Wanaopinga nao wanasema babu aliyepanda mchezo huo utotoni humleta mjukuu wake apande ule ule, na kwamba anayeuondoa huwafukuza wateja wa vizazi vitatu kwa mpigo.

Pande zote mbili zina ukweli. Kosa lao ni kutaka jibu moja kwa mambo matatu tofauti: usalama wa mteja, heshima ya mtu, na kile hasa ambacho mteja amekifuata.

Kuhusu usalama, hakuna mjadala. Tarehe 9 Juni 1979, moto uliteketeza treni ya mizimu katika kiwanja cha Luna Park, mjini Sydney, Australia. Watu saba walikufa, sita kati yao wakiwa watoto. Mchezo huo ulikuwa umewekwa hapo tangu miaka ya 1930. Chanzo cha moto kimebishaniwa kwa miongo kadhaa, lakini funzo lake halibishaniwi. Jengo la giza lenye njia za kupindapinda ni mtego moto ukizuka. Nyaya, breki, milango ya dharura na vifaa vya kuzima moto ni lazima viende na wakati, hata kama sanamu zitabaki zile zile. Mmiliki anayejitetea kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani anauza roho za watu kwa bei ya tiketi.

Jambo la pili ni heshima. Mchezo wa Pirates of the Caribbean ulifunguliwa katika kiwanja cha Disneyland, California, mwaka 1967. Katika sehemu moja ya safari hiyo ya mashua, maharamia walionyeshwa wakiwanadi wanawake kama bidhaa, na abiria walitegemewa wacheke. Mwaka 2018 mnada huo uliondolewa. Maharamia sasa wananadi mali walizopora, na mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akiuzwa amegeuzwa kuwa haramia mwenzao. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba kazi ya asili imeharibiwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, haihitaji maelezo marefu kwamba mnada wa binadamu si kichekesho. Mashua, giza na maharamia bado vipo. Kilichoondoka ni tusi, na biashara haikufa.

Ugumu uko kwenye jambo la tatu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kiwanja cha Kennywood, karibu na Pittsburgh, kina mchezo wa mashua uitwao Old Mill, uliofunguliwa mwaka 1901. Jina na mandhari yake vilibadilishwa mara kadhaa. Mwaka 2004 uligeuzwa kuwa mchezo wa Garfield, paka wa kwenye katuni, ukiwa na michoro ya rangi kali na miwani maalumu ya kuifanya ionekane kama inatoka ukutani. Paka huyo alikaa miaka 15 hivi. Mwaka 2020 kiwanja kilirudisha jina la Old Mill na mifupa ya kutisha. Waliobadilisha walidhani mteja anafuata picha. Kumbe mvuto wa mchezo ule ni mashua ya polepole inayoelea kwenye giza, na mambo yanayochungulia humo.

Disney nayo ililipia somo hilo huko Florida. Mchezo wa Journey into Imagination, uliofunguliwa mwaka 1983 katika kiwanja cha Epcot, ulipendwa kwa sababu ya Figment, joka dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1998 ulifungwa ili uboreshwe. Ulipofunguliwa tena mwaka 1999, safari ilikuwa imefupishwa na joka lile karibu limeondolewa lote. Wageni walilalamika. Mwaka 2001 ulifungwa upya, na mwaka 2002 joka likarudishwa. Katika muda wa miaka minne, jengo moja lilifungwa na kufanyiwa matengenezo mara mbili, la pili likiwa la kusahihisha la kwanza.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kusema kila cha kale ni dhahabu. Mchezo wa Snow White ulipofunguliwa Disneyland mwaka 1955, Snow White mwenyewe hakuonekana ndani, kwa kuwa wabunifu walikusudia abiria ajione kuwa yeye ndiye msichana huyo. Wageni wengi hawakuelewa, wakawa wanauliza yuko wapi. Mwaka 1983 aliwekwa. Hayo ni mabadiliko yaliyotokana na sauti ya mteja, si tamaa ya mwenye mali kuonekana wa kisasa.

Wakati mwingine hata kubomoa hulipa. Mwaka 1998 Disney iliufunga mchezo wa Mr. Toad huko Florida licha ya mashabiki kuandamana, na mwaka 1999 ikaweka wa Winnie the Pooh mahali pake. Pooh bado yupo, na watoto wanampenda. Lakini kampuni hiyo hiyo iliuacha mchezo wa Mr. Toad wa California, ambao ulianza mwaka 1955, ukajengwa upya mwaka 1983, na hadi leo unapakia abiria. Uamuzi uliofaa kiwanja kimoja haukulazimishwa kwa kingine.

Kwa hiyo jibu la busara ni kuifanya michezo hii iwe ya kisasa pale ambapo mteja haoni, na kuigusa kwa woga pale anapoona. Mota mpya, nyaya mpya, taa zinazotumia umeme kidogo na sanamu isiyokwama ni mambo yanayoongeza maisha ya mchezo. Kung'oa sanamu zote na kubandika skrini kwa sababu jirani amefanya hivyo ni jambo jingine. Skrini hiyo mteja anayo nyumbani, na wengi wanayo mfukoni.

Mwenye mashine ya kusaga, mama lishe na mwenye duka la rejareja wanaweza kuutumia mzani huo huo. Mama lishe akibadilisha jiko ili moshi usiwaumize wateja, amefanya jambo la maana. Akibadilisha mchuzi uliowafanya wavuke barabara kumfuata, asishangae benchi likibaki tupu. Kipya kinyemi, lakini wahenga walionya pia kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kushika nyundo, mwenye mali asimame kwanza kwenye mlango wa kutokea na kusikiliza wateja wanasimuliana nini. Hicho wanachosimuliana ndicho cha kulinda.