Kabla ya Kununua Seva Mpya, Geuzeni Faharasa!

Jamani, leo naomba niseme bila kuzunguka. Kila hifadhidata ikianza kujikokota, wataalamu wetu hukimbilia neno moja: seva. Ongezeni memori, nunueni mashine kubwa! Mimi nasema wanatupotezea pesa.

Nimekaa Lopur, Turkana Magharibi, pamoja na wafugaji, tukisubiri ripoti ya chanjo za mbuzi ifunguke. Jua kali, laptopu inaishiwa chaji, ukurasa unazunguka tu. Aliyeijenga programu alikuwa ameshaleta bei ya seva mpya. Nilipoangalia faharasa nikacheka kwa uchungu: (tarehe, kata).

Tatizo liko wapi? Faharasa ya kawaida, ile B-tree waliyoibuni Bayer na McCreight mwaka 1970, hupangwa kama daftari: kwanza kwa safu ya kwanza, kisha ndani yake kwa safu ya pili. Turkana Magharibi ina kata 7. Tuseme kila kata huandika rekodi 1,000 kwa mwezi. Ukiuliza "Lopur, mwezi wa Machi", faharasa ya (tarehe, kata) inapitia rekodi 7,000 za Machi na kutupa 6,000. Igeuze iwe (kata, tarehe): inatua Lopur, inaanzia Machi 1, inasoma 1,000, basi.

Mtaalamu atanijibu: "Lakini tulifundishwa safu yenye thamani nyingi tofauti itangulie!" Hapo ndipo penye ugonjwa. Tarehe ni nyingi, kata ni 7 tu, na bado kanuni hiyo imetuangusha. Safu inayoulizwa kwa "ni sawa na" itangulie. Inayoulizwa kwa "kuanzia hapa hadi pale" ifuate.

Wengine watasema PostgreSQL 18, iliyotoka 2025, inajua kuruka. Kweli, lakini hapa itaruka siku baada ya siku. Ya nini kurukaruka wakati njia iliyonyooka ipo?

Nakiri jambo moja: anayeuliza tarehe peke yake, kwa kata zote, atahitaji faharasa nyingine. Ndiyo maana tuanze na maswali ya watumiaji, si na kanuni za kukariri.

Ndugu msomaji, andika EXPLAIN mbele ya swali lako kabla hujaandika hundi. Ni bure. Mfugaji wa Lopur aliyeacha mbuzi wake malishoni hana sababu ya kulipia uvivu wetu.