Gari lisilo na dereva likifika Kitengela, wa nduthi ataenda wapi?

“Shuka Yukos, chukua nduthi, mwambie akupeleke hadi penye transfoma, halafu akate kushoto kwa mama mboga.” Hivyo ndivyo tunavyoelekezana nyumbani Kitengela. Mhudumu wa bodaboda huelewa mara moja. Gari linalojiendesha lingebaki limeduwaa stejini.

Ndiyo maana wengi wetu hucheka tukiona video za magari hayo. Ebu yalete huku mvua ikinyesha, udongo mweusi ung'ang'anie magurudumu na ng'ombe wakivuka Barabara ya Namanga bila haraka! Kicheko hicho kina ukweli. Waymo ilipofungulia umma teksi zisizo na dereva mwaka wa 2020, ilianzia Phoenix, Marekani, kwenye barabara pana, alama wazi na mvua haba.

Lakini kucheka si kujipanga. Mwaka wa 2024, madereva wa teksi jijini Wuhan, China, walilalamika kwamba magari ya Baidu yasiyo na dereva yanawapokonya abiria. Na hapa karibu, Rwanda, ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipelekea hospitali damu tangu 2016. Hizo hazikungoja lami. Kwa hivyo tusidhani mashimo yetu yatatulinda.

Huenda mizigo ikatangulia, kwa sababu kifurushi hakiogopi wala hakilalamiki. Atakayeumia kwanza ni yule barobaro aliyechukua pikipiki kwa mkopo, anayelipa kila siku kabla hajanunua unga.

Hatupingi teknolojia. Ikiwa mashine haitalewa, haitasinzia wala kushindana na matatu, itaokoa maisha, na bodaboda wenyewe wanajua ni wenzao wangapi wamezikwa. Tunachopinga ni kupangiwa maisha tukiwa hatupo mezani.

Kwanza, NTSA na Kaunti ya Kajiado ziweke masharti mapema. Mashine ikigonga mtoto Noonkopir au ng'ombe Isinya, nani analipa? Jibu liandikwe kabla ya jaribio la kwanza, na wakazi wasikizwe.

Pili, safari zinazoitishwa kwa programu za simu huacha rekodi ya njia. Ujuzi huo wa vichochoro ni jasho la bodaboda. Kampuni ikitaka kuutumia kufunza mashine zake, ikae chini na sacco za wahudumu, iwalipe au iwape hisa.

Tatu, sisi vijana tusingoje kualikwa. Pikipiki za umeme tayari ziko barabarani Nairobi. Anayejua leo kurekebisha betri na mota yake hatakuwa mgeni kesho mashine yenye kamera na rada ikikwama matopeni.

Kwa sasa bado wanatuhitaji kujua alipo mama mboga. Tuweke bei ya ujuzi huo kabla hawajaupata bure.